Spana Iliyorudisha Picha

Shiru, mami,

Ukiona begi limekuwa zito kuliko tulivyolipima juzi kwa mizani ya bucha, usimlaumu mama yako na yale majani chai yake. Ni mimi. Soma kwanza mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Zamani tulipoandika barua tulianza hivi: mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Mwalimu alitukaririsha maneno hayo mpaka nikaacha shule darasa la saba, na ni kati ya vitu vichache nilivyotoka navyo. Leo siwezi kuyaandika. Wewe unakunja soksi huku ukiimba. Hofu iko huku nyuma kibandani, imekaa juu ya kreti la soda, inaandika kwa kalamu ya risiti.

Nyumba imejaa. Shangazi zako wamekuombea tangu kanisa lilipotoka, wameomba mpaka chapati zimeisha. Mambo ya sweta, dawa ya kifua na vyakula usivyovijua mama yako ameyamaliza, mimi huko siingii. Nina maneno mengine ambayo siwezi kuyasema mbele ya watu, kwa maana mbele ya watu mimi ni Daktari wa Dishi, na daktari hakohoi mbele ya wagonjwa.

Nianze na hili: hakuna wakili.

Ile fomu ya mzazi kutia sahihi, ulinipa siku ya Jumatatu ukiwa umeishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Ukasema ni warsha ya wanafunzi, wiki mbili, ya fizikia ya anga za juu, halafu miezi sita ya utafiti hukohuko Finland. Ukasema irudi kabla ya saa kumi na moja Ijumaa ya wiki inayofuata, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Kila jioni uliniuliza, "Baba, fomu?" Nami nikakujibu, "Iko kwa wakili, mami. Anaipitia kifungu kwa kifungu." Wakili alikuwa mfuko wa ovaroli yangu. Nilipanda nayo paa za watu, nikashuka nayo, nikala nayo githeri, na lile doa lililoko karibu na jina lako si wino wa mahakama. Ni grisi.

Nilishuku, sikufichi. Nairobi hii mimi nimeimaliza. Nimeingia vyumba vya kulala vya mabalozi (kupitisha waya, mwambie mama yako hivyo hivyo). Nimefunga dishi la mbunge na la mchungaji aliyekuwa akimhubiria dhidi ya televisheni, siku moja, ngazi moja. Na kote huko sijaona mtu anayetoa kitu bure. Sasa wewe unaniambia tiketi bure, chumba bure, chakula bure, mpaka koti watakupa. Hapa Riruta mtu akikupa maji bure, unayanusa kwanza.

Halafu, wanakupeleka kusomea jua, mwezi wa kwanza, mahali ambapo ulisema mwenyewe kwamba mwezi huo jua halitoki. Nikakuuliza, "Mtu anayetaka kujua samaki huenda jangwani?" Ukacheka. Ukanieleza kwamba jua halitoi mwanga peke yake, linapuliza pia, upepo wa chembechembe ndogo zisizoonekana, na kwamba upepo huo hupata njia ya kuingilia kule kwenye ncha za dunia, ukifika unaiwasha anga rangi ya kijani. Nikajisemea, huyu mtoto amefundishwa uongo na ameushika vizuri kuliko waliomfundisha.

Na huyo profesa wako! Anaandika barua ndefu, ya heshima, bila kosa hata moja, kisha mwisho anasaini "Aino", basi. Profesa gani huyo? Hapa karani wa chifu usipomwita mheshimiwa hakuoni.

Utasema baba ana roho mbaya. Hapana. Baba ana Dubai.

Hiyo hadithi unaijua nusu. Nusu unayoijua ni ile ninayowasimulia watu kwenye arusi, ya wakati nilipoishi Dubai, joto la kukaanga mayai juu ya gari na kadhalika. Nusu nyingine ni kwamba sijawahi kufika Dubai. Niliishi mtaa wa Jamhuri, hapahapa Nairobi, off Ngong Road, kwenye sakafu ya rafiki yangu mmoja.

Ilikuwa kabla hujazaliwa. Kulikuwa na ofisi katikati ya mji, ghorofa ya tatu juu ya duka la viatu, ina zulia jekundu na msichana wa mapokezi aliyeniita "sir". Mimi, kijana wa Riruta wa darasa la saba, sir! Nikawapa pasipoti na kila kitu walichoomba. Mama yangu, huyo uliyerithi jina lake, alichinja mbuzi. Nilifunga tai, nikaaga mtaa mzima, nikawaahidi wengine redio. Siku ya safari nikapanda zile ngazi na sanduku. Zulia hakuna. Msichana hakuna. Palepale alipokuwa akiketi pamekaa fundi wa nguo anampima mtu suruali.

"Wewe pia ni wa Dubai?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Ndio."

"Simama kwa foleni na wenzako."

Nikageuka. Kando ya mlango wamejipanga wanaume wanne, kila mtu na sanduku lake, kila mtu anatazama ukuta.

Ningerudije nyumbani na mbuzi ameshaliwa? Nikaenda Jamhuri. Nikawa napiga simu nyumbani huku nikipaza sauti, ndio waone niko mbali. "Huku ni joto, mama! Eeh, kazi ni nzuri!" Miezi miwili. Msimu wa maonyesho ya kilimo ukafika, nikapata kibarua cha kubeba viti pale Jamhuri Park. Siku ya pili, nimebeba viti sita kichwani, nikakutana na mama yangu uso kwa uso, anakula mahindi ya kuchoma.

Alinitazama kuanzia viatu. Akamaliza kutafuna.

"Kamau," akasema, "kumbe Dubai kuna maonyesho ya ng'ombe."

"Mama..."

"Weka hivyo viti vya wenyewe chini unibebee huu mfuko. Umenilemea."

Tukatembea tukitazama mafahali. Jioni tukarudi pamoja, na majirani walipotoka kwenye milango akawaambia, "Joto lilimshinda." Basi. Hakunitajia tena habari hiyo mpaka tulipomzika. Miaka yote nikisimulia Dubai mbele yake, alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuniongezea chai.

Kudanganywa si jambo kubwa, Shiru, hata wenye digrii hudanganywa. Kilichoniharibia ni kile kilichofuata. Nilianza kujiona mwerevu kila nikikataa kitu. Kampuni moja ya mitambo ilikuja kutafuta mafundi wa kusomesha, kozi ya kweli, na mimi nikawaambia wenzangu, "Hao ni wale wa zulia jekundu, mnisikie." Wote wakanisikia isipokuwa mmoja. Huyo mmoja leo anavaa kofia ya plastiki nyeupe ya wasimamizi na huwa ananipigia kuniuliza kama nina nafasi ya kumsaidia kuvuta waya. Huwa namwambia niko bize.

Turudi kwa fomu. Siku ya mwisho, Ijumaa, nilishuka mjini kwa Bwana Jaswant, yule Singasinga wa duka la madishi na nyaya ambaye ameniuzia vitu tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Nikaitoa fomu nikaiweka kwenye kaunta. Akavaa miwani. Akaisoma mbele na nyuma. Akaiinua kwenye balbu.

"Nini mbaya hapa?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Sasa?"

"Hiyo ndiyo mbaya, Bwana Jaswant. Kitu haina mbaya hata moja."

Akavua miwani. "Kamau, wewe unashika karatasi ya mtoto kama unashika mwizi. Wewe ni fundi ama si fundi? Hapa kuna namba ya simu, imeandikwa ni ya wazazi. Piga. Muulize swali ya fundi. Kama ni mwongo, atashindwa."

Nikafikiri. Swali la fundi ninalo moja tu kubwa, na wewe unalijua, kwa sababu ulinishikia ngazi.

Ugonjwa wa Machi.

Mara ya kwanza nilikuwa juu ya paa la shosho wa Muthangari, yule bibi kizee mwenye dishi kubwa la zamani, lile la wavu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Picha ikapotea. Nikakaza hapa, nikalegeza pale, hakuna kitu. Nikachukia, nikaligonga kwa spana. Picha ikarudi! Shosho akapiga vigelegele huko chini. Kesho yake akanipigia, imepotea tena, saa ileile. Nikaenda, nikagonga, ikarudi. Baada ya siku tano hivi ikapona kabisa. Septemba ikaugua tena. Na si kwake tu, mtaa mzima, kila Machi na kila Septemba, saa ileile, dakika chache.

Sikujua sababu. Lakini saa niliijua, na kwa mtu kama mimi hiyo ilitosha. Nikaanza kuwaambia watu kwamba dishi linataka dozi ya siku tano, na dozi usiikate katikati. Saa nne kasoro niko juu ya paa na uso wa daktari. Picha ikipotea nasikiliza kidogo kwa sikio, natikisa kichwa, nangoja, nangoja, halafu spana, ngo! Watu wanapiga makofi. Hapo ndipo jina la Daktari wa Dishi lilipotoka. Halikutoka kwingine.

Ulikuwa na miaka tisa nilipoanza kukuchukua Jumamosi. Ulikuwa na kidaftari cha shule, unachorachora. Nilidhani unachora maua. Siku moja pale Muthangari ukapanda ngazi mpaka karibu na miguu yangu, ukaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, ona. Kivuli cha jicho kimekaa katikati kabisa." Ni kweli, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi kilikuwa kimetupa kivuli chake katikati ya sufuria ya dishi, kama mboni. Nikakuambia, "Shuka ushike ngazi." Hukushuka. Ukasema:

"Baba, leo usigonge. Tuone."

Shosho alikuwa ametoka, amesimama uani, ameshika birika. Nikakuambia, "Tukikaa kuona, kesho tutaitwa na nani?" Nikagonga. Picha ikarudi. Wewe ukashuka, ukashika ngazi, ukafunga kidaftari. Nikaona yameisha.

Kwa hiyo nilimwomba Bwana Jaswant simu yake, maana yangu sikutaka ijulikane, nikampigia profesa. Kiingereza changu unakijua, ni cha kujengea, si cha kukaa. Nikajitambulisha kwa sauti nzito kuwa mimi ni Injinia Mwangi, mshauri wa familia. Bwana Jaswant akaficha uso kwa kitabu cha risiti. Nikamwambia nina swali dogo la kitaalamu. Kila Machi na kila Septemba, hapa Nairobi, saa nne asubuhi, madishi yanapoteza picha kwa dakika chache kisha yanapona. Kwa nini?

Alicheka. Hakikuwa kicheko cha dharau, mami. Ni kile kicheko cha mtu aliye ugenini akisikia mtu ametaja kijiji chao.

"Injinia," akasema, "nadhani wewe ndiye baba yake Wanjiru."

Nikamtazama Bwana Jaswant. Bwana Jaswant akatazama dari.

Akanieleza polepole. Kwamba miezi hiyo miwili jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, vikawa kwenye mstari mmoja na dishi. Setilaiti haijaacha kusema, ni jua limeizidi kelele. Likisogea, sauti inarudi. Hakuna kilichoharibika na hakuna kilichotengenezwa. Nikamuuliza, sasa yeye amenijuaje? Akasema kati ya barua zote za maombi alizosoma, yako ndiyo iliyoanzia juu ya ngazi. Akaniuliza kama hujanisomea. Nikasema hapana. Akanisomea.

Sikujua kwamba ulirudi Muthangari, Shiru. Ile Jumamosi nililala na homa, ukamwambia mama yako unaenda choir. Ukapanda peke yako na kidaftari na saa ya ukutani umeifunga kwa kitambaa. Picha ikapotea, ukakaa. Hukugusa. Ikarudi yenyewe, ukaandika dakika. Na uliposhuka, shosho akakuuliza, "Umegonga kama baba?" Ukasema, "Nimegonga, shosho."

Uliandika hivyo. Kwamba hilo lilikuwa jaribio lako la kwanza, na huo ndio uongo wako wa kwanza juu ya matokeo, na kwamba uliusema kwa ajili ya mtu. Halafu ukaandika kwamba kila kitu unachokijua kuhusu kutazama, ulikijulia juu ya paa, kwa sababu baba yako alikuwa baba pekee mtaani aliyemruhusu msichana kupanda.

Profesa akamaliza kusoma. Nikamshukuru, nikamrudishia Bwana Jaswant simu yake.

Umekula nami meza moja miaka yote hiyo. Nimejisifu mbele yako, mbele ya wachumba wa binamu zako, mbele ya mchungaji, nikionyesha na spana yenyewe jinsi ninavyogonga. Nawe ulikuwa ukiitikia kwa kichwa na kuniongezea chai. Hapo dukani nikajua jina la mama yangu halikumkosea mtu.

Nilipiga kelele siku zote hizo nikimtafuta mkora, mami, nikamtafuta Finland. Mtu akiishi kwa ujanja, kila mlango anaouona ana hakika nyuma yake amesimama mtu kama yeye.

Nilitia sahihi palepale kwenye kaunta, saa kumi na dakika kumi, kwa kalamu ya Bwana Jaswant. Akanishika bega, akasema, "Injinia Mwangi, kimbia." Nikakimbia na ovaroli mpaka kwa yule kijana wa sayba, mwenye kompyuta za kulipia, ikatumwa. Dakika hamsini tu, Shiru, ningekukatia dozi katikati. Jioni ukaniuliza, nikakuambia wakili amemaliza. Ulinikumbatia ukamshukuru wakili. Nilikula ugali ule kama udongo.

Usifikiri nimepona. Bado nashuku. Koti la bure nalishuku. Mtu akikupa lifti huko, tazama kama mlango unafunguka kwa ndani. Ukisaini karatasi, isome mpaka yale maandishi ya chini, madogo kama mchwa. Ikiwa hata siku moja utapanda ngazi ukute zulia halipo, usiende kukaa Jamhuri ya huko ukinipigia simu za joto. Nipigie za baridi. Rudi. Mbuzi tuliyekuchinjia alikuwa mtamu, tulimla kwa furaha, hakuna anayekudai furaha. Nitawaambia majirani theluji ilikushinda, na sitakutajia mpaka mnizike.

Lakini wakikuambia kitu usichokielewa, kisha wakakuambia panda uone, panda.

Sasa, uzito wa begi. Karatasi hizi zimefunga spana namba kumi na tatu. Ndiyo yenyewe, ya Muthangari, mdomo wake umepinda kwa kugonga. Iko ndani kabisa chini ya majani chai, kwenye begi kubwa, usiihamishie kwenye la mkononi wakakudhania jambazi. Sikupi kwa kazi. Nakupa ili mimi nisiwe nayo.

Maana Machi inakuja, na shosho wa Muthangari atanipigia, miguu imemkataa lakini kidole chake cha simu ni kizima. Nitaenda. Nitamwomba akae nje kwenye kiti, nimweleze kabla, akitaka kunifukuza anifukuze nikiwa bado chini. Halafu nitapanda bila spana, nimebeba kile kidaftari chako nilichokiona kwenye kabati, bado kina kurasa. Kivuli kitakuja katikati. Picha itapotea. Nitakaa pale juu na hofu yangu yote, nikihesabu dakika, nikijua kule uliko pia jua limeanza kutoka.

Nitakuandikia ilichukua muda gani. Sitagonga, mami. Tutaona.

Baba yako,
Kamau, fundi wa madishi, Riruta